Muhuri wa dawa ni wa nani? Uzi kuhusu uhalali wa kisiasa wa mamlaka za udhibiti wa dawa na vifaa tiba

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, nawasalimu. Uzi huu ni mrefu na haufai kusomwa kwenye foleni ya benki, kwa hiyo mwenye haraka aupitie jioni.

Mwezi Aprili mwaka 2011 nilikuwa nauza dawa katika mji mdogo ulio kando ya barabara iendayo Arusha. Wengi wenu mnakumbuka majira yale. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge kwa shilingi 500, na ilisemwa kuwa kikombe kimoja tu kinaponya kisukari, shinikizo la damu, saratani, pumu na hata virusi vya UKIMWI. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, watu wakilala njiani, na wengine waliotolewa wodini wakafia humo humo kwenye foleni.

Siku moja aliingia dukani mama wa makamo, mteja wangu wa miaka mingi, mgonjwa wa kisukari. Alifungua pindo la kanga, akaweka juu ya kioo cha kaunta karatasi mbili za metformini, dawa ya kisukari, ambazo hazijaguswa, akaniomba nimrudishie fedha yake. "Mwanangu, nimetoka kwa Babu. Hizi sizihitaji tena. Na serikali yenyewe imepima, imesema dawa ni salama." Nilimjibu kama nilivyofundishwa: wataalamu wamesema ile dawa ni salama kunywewa, hawajasema kuwa inatibu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyesoma sana. "Kama haitibu, mbona wakubwa wanaipanda ndege kuifuata?"

Nilimwomba kidole nimpime. Mashine ilitoa 17.8, yaani sukari iliyo juu sana, nikamgeuzia aione. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku ile, na kwa kweli ndilo lililoniletea uzi huu miaka yote hii baadaye: "Na hiki kimashine chako, nani amekipima?"

Sikuwa na la kusema. Mashine ile niliinunua Kariakoo, ikiwa ndani ya boksi lenye picha ya mzungu anayetabasamu, na niliiamini kwa sababu zile zile zilizomfanya mama yule akiamini kikombe: watu walionitangulia waliiamini, na sikusikia mkubwa yeyote akiikataza.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo ningependa tulitazame kwa makini. Kipo kiwango cha kimataifa kinachozihusu mashine hizi. Toleo lake la mwaka 2003 liliruhusu majibu ya sukari iliyo juu yapishane na yale ya maabara kwa asilimia 20, na toleo la mwaka 2013 likapunguza pengo hilo hadi asilimia 15. Katika majibu yote 100, 95 ni lazima yaangukie ndani ya mpaka huo. Kwa hesabu ya mama yule, chini ya kiwango cha zamani sukari yake halisi ingeweza kuwa popote kati ya takriban 15 na 22 na mashine bado ikahesabiwa kuwa nzuri. Sasa, kati ya mwaka 2003 na 2013 damu ya binadamu haikubadilika, na sukari ni ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu waliokaa kwenye kamati, wakapima ugumu wa kutengeneza mashine sahihi zaidi, bei ambayo mgonjwa angeilipa, na makosa ambayo mgonjwa huyo angeweza kuyavumilia. Asilimia 15 haikuokotwa kwenye darubini. Walioizungumza ni watu, na waliokaa kwenye kamati hiyo hawakuwa wagonjwa wa Arusha.

Hii ndiyo hoja yangu, na nitaitetea hadi mwisho wa uzi: kila muhuri wa mamlaka ya dawa una vitu viwili ndani yake, kipimo na uamuzi. Kipimo husema dawa hii ina kiasi gani cha kiambato, inaua wangapi kati ya elfu, na inasaidia wangapi. Uamuzi husema idadi hiyo ya wanaodhurika inavumilika. La kwanza ni la wataalamu, na asiye mtaalamu akae pembeni. La pili ni la kisiasa kwa maana safi ya neno hilo, kwa kuwa ni uamuzi unaofanywa kwa niaba ya watu wote kuhusu hatari watakayoibeba watu wote. Kosa letu ni kuuficha uamuzi ndani ya kipimo, halafu kushangaa wananchi wanapoacha kuviamini vyote viwili.

Nitofautishe pia maneno mawili ambayo huwa yanachanganywa. Uhalali wa kisheria hauna mjadala mkubwa hapa kwetu. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ndiyo iliyoizaa TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mwaka 2019 Sheria ya Fedha ikahamishia masuala ya chakula na vipodozi kwenye Shirika la Viwango, TBS, mamlaka iliyobaki ikaitwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Uhalali wa kisiasa ni kitu kingine. Huo ni hali ya mwananchi kukubali kwamba mwamuzi ana haki ya kuamua, hata uamuzi unapomuumiza. Duka la jirani yangu liliwahi kufungwa na mkaguzi kwa kukutwa na vidonge vyenye alama ya GOT, yaani dawa za serikali zisizopaswa kuuzwa. Jirani alilia, lakini hakusema ameonewa, na mtaa mzima haukusema. Huo ndio uhalali ninaouzungumzia, na hauandikwi kwenye Gazeti la Serikali.

Loliondo ilituonyesha unavyoweza kuvuja. Tulikuwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, pamoja na baraza lake. Tulikuwa na TFDA, na tulikuwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Wataalamu walichukua sampuli, wakatoa kauli ya tahadhari iliyokuwa sahihi kitaalamu. Lakini kauli ile haikusafiri peke yake. Ilisafiri pamoja na askari wa kuongoza msafara, mahema, na picha za viongozi wakiinua kikombe. Ukipima kwa maabara, hakuna aliyeisajili dawa ile; ukipima kwa macho ya mama wa kisukari, ilisajiliwa na serikali nzima. Kwa mwananchi, picha ya kiongozi anayekunywa ni muhuri tosha.

Kisha ikaja korona. Naomba ndugu wenye mapenzi na upande wowote wa siasa wanivumilie, maana sitaki kuhukumu watu bali kufuata njia ya muhuri. Mwezi Mei 2020 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na majibu ya maambukizi. Siku chache baadaye ndege ikaenda Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba. Januari 2021, akiwa Chato, alitilia shaka chanjo na kuionya Wizara ya Afya isizikimbilie. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, baada ya shehena ya dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya Janssen kuwasili na baada ya kamati ya wataalamu aliyoiunda kutoa ushauri wake.

Mimi nilichanja, na nilifurahi. Lakini tazameni alichokiona mteja wangu. Katika muda wa miezi sita mlango ulifungwa kutoka Ikulu, ukafunguliwa kutoka Ikulu, na mamlaka yenye kazi ya kusema "hii inafaa, hii haifai" ilisikika kwa mbali kama mwangwi. Na hii ni mamlaka iliyokuwa imetambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2018 kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti wa dawa, ya kwanza Afrika kufika hapo. Utaalamu ulikuwa kileleni. Hivyo msiniambie dawa ya tatizo hili ni maabara nyingine.

Nauliza: ni kitu gani kingempa mama yule sababu ya kuukubali muhuri? Karibuni.

Mchangiaji, mmiliki wa Duka la Dawa Muhimu, Ruvuma

Asante mleta uzi. Mimi sina maneno makubwa, nitasema niliyoyaona huku kwetu, kwa sababu Ruvuma ndiko mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulikoanzia mwaka 2003.

Kabla ya hapo tulikuwa na duka la dawa baridi. Sheria ilituruhusu kuuza dawa za maumivu na nyingine za kawaida zisizohitaji cheti cha daktari. Kiuhalisia kila duka lilikuwa na antibayotiki chini ya meza, kwa sababu zahanati ilikuwa mbali na mtoto mwenye nimonia hawezi kusubiri gari la kesho. Mkaguzi akija tunaficha, akiondoka tunatoa. Wanakijiji walitulinda sisi dhidi ya mkaguzi. Hata watoto walikuwa wakikimbia kutupa habari kwamba kuna gari la serikali limeingia. Mnaona? Sheria ilikuwepo, mkaguzi alikuwa na kitambulisho, lakini kijiji kizima kilikuwa upande wetu.

Mpango mpya ulikuja na jambo rahisi. Ulikubali kwamba dawa zile zinauzwa na zitaendelea kuuzwa, ukatoa orodha fupi ya dawa za cheti ambazo tungeruhusiwa kuwa nazo, zikiwemo antibayotiki chache, ukatutaka muuzaji asome mafunzo na kufanya mtihani, na cheti chake kikae ukutani mahali mteja anapokiona. Ukaguzi ukawa na mkono wa halmashauri na watu wa kata, watu tunaowajua kwa majina. Baada ya hapo mtu aliyeuza dawa zisizo kwenye orodha alianza kusemwa na wanakijiji wenyewe. Mteja mmoja mzee alikuwa akinyoosha fimbo yake kuelekea kwenye cheti changu na kuniuliza, "Hii dawa umeifundishwa?" Nikisema bado, anaondoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba watu waliukubali muhuri pale masharti yake yalipofanana na maisha yao, na pale anayeusimamia alipokuwa mtu wanayeweza kumfuata nyumbani kumlaumu.

Mchangiaji, daktari wa watoto

Ninaheshimu uzi huu, lakini nina wasiwasi nao. Usalama wa dawa haupigiwi kura. Mleta uzi ameeleza vizuri jinsi siasa ilivyouingilia muhuri mwaka 2011 na 2020, halafu anataka kutuambia kwamba tiba yake ni kuongeza siasa. Mimi nasema tuiondoe.

Mwaka 1960 kule Marekani, Frances Kelsey, daktari aliyekuwa hajamaliza hata miezi miwili kazini katika mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, alipewa jalada la maombi ya usajili wa thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyokuwa ikiuzwa kwa wingi Ulaya. Kampuni ilimsukuma, ikawapigia wakuu wake simu, ikamwona kuwa mtu wa kuchelewesha mambo bila sababu. Alikataa kuipitisha kwa kuwa ushahidi haukumtosheleza. Duniani walizaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye viungo pungufu. Marekani waliathirika wachache tu. Kama angeitisha mkutano wa hadhara na kuwauliza wananchi, wananchi wangeitaka dawa ile, kwa sababu walikuwa hawalali.

Na upande wa pili, mwaka 2022 kule Gambia walikufa watoto zaidi ya 60 kwa kuumia figo, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na kemikali yenye sumu, dayethilini glaikoli. Nchi ile haikuwa na maabara yake ya kupima dawa. Baba aliyempoteza mtoto wake hakuhitaji nadharia ya uhalali. Alihitaji mashine ya kuchunguza kemikali na mtu anayejua kuitumia. Mleta uzi anasema tusimwambie dawa ni maabara nyingine. Mimi nitamwambia hivyo hivyo, na nitamwambia mara mbili.

Mwanzisha uzi

Daktari, umenipa mfano ambao ningeuchagua mwenyewe, basi tuurudie pamoja.

Kelsey alikuwa na ujasiri, hilo halina ubishi. Lakini ujasiri wake uliegemea ukuta, na ukuta ule ulijengwa na siasa. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliuza salfanilamidi, dawa ya kuua bakteria, ya maji, iliyoyeyushwa ndani ya dayethilini glaikoli, sumu ile ile uliyoitaja ya Gambia. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi. Sheria ya wakati ule, ya mwaka 1906, haikumlazimisha mtengenezaji kuthibitisha usalama kabla ya kuuza. Serikali iliweza kuzikamata chupa zile kwa kisa ambacho kingekuwa cha kuchekesha kama kisingekuwa cha msiba: lebo ilisema "elixir", neno linaloashiria kuwa ndani kuna alkoholi, na alkoholi haikuwemo. Mtengenezaji alikamatika kwa kudanganya jina. Kuua halikuwa kosa lenye kifungu. Wazazi waliandika barua, magazeti yakapiga kelele, na Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mwaka 1938 iliyodai uthibitisho wa usalama kabla ya dawa kuingia sokoni. Kifungu hicho ndicho alichokishika Kelsey. Sheria ilimpa siku 60 tu za kupinga, la sivyo dawa ingepita yenyewe, naye alikuwa akiomba takwimu za ziada kila muda ulipokaribia kwisha. Bila kilio cha wale wazazi angekuwa mtumishi mwenye mashaka mazuri na mikono mitupu.

Kwa hiyo siombi wananchi wapige kura kuhusu kiasi cha kiambato. Naomba tukiri kwamba nguvu ya mtaalamu kusema "hapana" ni mkopo, na aliyemkopesha ni umma. Anayekopesha ana haki ya kuona hesabu.

Kuhusu Gambia nakubali nusu. Maabara ni sharti la kwanza, na nilipoandika sentensi ile nilikuwa na Tanzania akilini, nchi ambayo maabara ilikuwepo. Pale ambapo haipo, kelele zote za uhalali ni anasa. Hapo umenisahihisha.

Mchangiaji, wakili, Nairobi

Niongeze kisa cha kwetu ambacho nadhani kinajibu swali la mleta uzi kwa njia ya mahakama.

Mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Nani angepinga vita dhidi ya bidhaa bandia? Lakini tafsiri ya neno "bandia" katika kifungu cha 2 ilikuwa pana kiasi kwamba dawa halali za jenerika, hasa ARV za kutoka India ambazo ndizo zilizokuwa zikiwaweka hai watu wengi, zingeweza kuangukia humo. Jenerika ni nakala halali ya dawa, yenye kiambato kile kile; bandia ni uongo kuhusu dawa. Sheria iliviweka viwili hivyo kapu moja, na ikampa afisa wa forodha uwezo wa kuzuia mzigo.

Mwaka 2009 watu watatu wanaoishi na virusi, wakiongozwa na Patricia Asero Ochieng, walikwenda Mahakama Kuu. Hawakuwa wafamasia. Walisema tu kwamba sheria hii itatuua. Mahakama ilisimamisha vifungu husika mwaka 2010 visitumike kwa dawa za jenerika wakati kesi ikiendelea, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vinatishia haki ya uhai, ya utu na ya afya zilizomo katika Katiba ya mwaka 2010. Serikali ilijitetea kwamba ipo sheria nyingine inayolinda jenerika. Jaji hakuridhika: maisha ya watu hayawezi kuachwa yategemee jinsi afisa atakavyoielewa sheria yenye utata.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Sheria ile ilikuwa na kila kitu ambacho mwanasheria anakihitaji, ikiwemo kura ya Bunge na saini ya Rais. Kilichokosekana ni kwamba mgonjwa hakusikilizwa hata mara moja kuhusu neno litakaloamua kama atameza kidonge chake kesho. Walipokuja kumsikiliza, ilikuwa kwa amri ya mahakama.

Na kwa heshima, nimpinge mleta uzi mahali pamoja. Ameigusa Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ya huko kwenu na kuipita haraka. Kuigawa mamlaka ya afya ndani ya muswada wa bajeti ni jambo zito. Bunge limepitisha, sawa, lakini limepitisha likiwa linajadili kodi.

Mchangiaji, Unguja

Kwa ufupi tu, maana mnaandika "Tanzania" kama kwamba ni mlango mmoja. Afya si jambo la Muungano. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2006 na wakala wetu, ZFDA, na TMDA haina mkono huku. Sisemi hilo kwa ubishi. Dawa iliyosajiliwa Dar es Salaam ikivuka maji kwa boti ya saa mbili inakuwa mbele ya mwamuzi mwengine, na mgonjwa aliyetoka nayo Muhimbili hawezi kuelewa vipi kidonge kimoja kiwe na mabwana wawili. Hapo uhalali wa mkaguzi wa bandarini hautoki kwenye kemia ya kidonge. Unatoka kwenye historia ya nchi mbili zilizoungana mwaka 1964 na yale waliyokubaliana kuyaacha nje. Mkiuzungumza muhuri, muukumbuke na mpaka.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu wa Unguja. Umenigusa pale pale nilipotaka kuelekea, kwa sababu mpaka unazidi kupanuka. Nchi za Afrika Mashariki zilizindua mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa mjini Arusha mwezi Machi 2012, na wataalamu wa nchi hizo wamekuwa wakilitathmini jalada moja kwa pamoja. Mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulipitishwa mwaka 2019, ukaanza kufanya kazi Novemba 2021 baada ya nchi ya 15 kuuridhia, na makao yake ni Kigali. Kitaalamu nauunga mkono kwa mikono miwili. Nchi hamsini na zaidi kulisoma jalada lile lile kila moja kivyake, wakati wasomaji wenye ujuzi ni wachache, ni kupoteza miaka ambayo mgonjwa hana. Lakini kadiri muhuri unavyokwenda mbali, ndivyo fimbo ya yule mzee wa Ruvuma inavyokosa cheti cha kukielekea. Mzee hataifikisha Kigali.

Wakili, nakubali lawama yako kuhusu mwaka 2019. Niliipita haraka kwa sababu huwa inanikasirisha. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo wa kukaguliwa na taasisi mbili kwa bidhaa moja, na kwa haki kabisa mzigo huo ulikuwepo. Nimewaona wenye viwanda vidogo vya unga wakizunguka na risiti za ofisi tatu. Kilichonikera ni kwamba mjadala wote ulikuwa kati ya mkusanya ada na mlipa ada. Mla unga hakuwemo. Hapo pia ndipo penye jambo ambalo hatujalisema: mamlaka hizi, hapa kwetu na hata Ulaya na Marekani, huendeshwa kwa sehemu kubwa na ada za wale wale zinaowadhibiti. Marekani wamekuwa na ada hizo kwa dawa tangu sheria ya mwaka 1992. Sisemi ada ni rushwa. Nasema mwenye duka anapojua kwamba mshahara wa mkaguzi unatoka kwenye kibali chake, na mgonjwa hana anachochangia, hakuna anayehitaji kumweleza nani anasikilizwa kwanza.

Kuna walioniandikia pembeni wakitaka mapendekezo. Ninayo machache, na hayahitaji sheria mpya. Mamlaka yetu huchapisha ripoti za tathmini ya dawa kwa ajili ya umma, nayo ni hatua ya kupongezwa, ila zimeandikwa kwa Kiingereza cha wafamasia. Ziandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili, na ndani yake iwemo sentensi inayosema wazi: tumekubali madhara haya kwa sababu ya faida hii, na waliokataa kwenye kamati walikuwa na hoja hii. Marekani kamati zao za ushauri hutenga muda wa wagonjwa kuzungumza mbele ya wote, na kura za wajumbe huonekana. Hilo haliwazuii kukosea: mwaka 2021 waliipitisha dawa ya ugonjwa wa kusahau, Aduhelm, ingawa kamati yao haikuiunga mkono, na wajumbe watatu wakajiuzulu. Lakini nchi nzima ilijua nani alisema nini, na lawama ilijua nyumba ya kwenda.

La pili ni gumu zaidi. Kiongozi wa siasa asiwe wa kwanza kutangaza kuwa dawa inafaa au haifai. Atangaze mwenye muhuri, kiongozi afuate. Najua nchi yetu; najua jambo hili ni sawa na kumwomba mwenye harusi akae viti vya nyuma.

Daktari ameniuliza kwa ujumbe mama yule aliishia wapi. Alirudi mwezi Julai mwaka ule ule wa 2011, amepungua, kidole cha mguu kimefungwa kitambaa. Hakumtaja Babu, na mimi sikumtaja. Aliomba metformini ya wiki mbili kwa mkopo. Kabla hajaiweka kwenye pindo la kanga alinirudishia boksi, akaniambia nimsomee namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni, kwa kuwa miwani yake ilivunjika huko safarini. Nikamsomea, tarakimu moja baada ya nyingine. Akauliza, "Wanaoiandika hiyo namba, nikitaka kuwauliza neno nawakuta wapi?" Nikamwandikia anwani ya posta ya Dar es Salaam nyuma ya risiti.